Kioo, Mkanda na Magadi: Kamera za Zamani Chini ya Mlima Meru

Kamera ya mkanda ni chombo kigumu kufa. Kamera ya chuma iliyotengenezwa mwaka 1960, ikiepushwa na vumbi na unyevu, hufyatuka leo kama ilivyofyatuka siku ilipotoka dukani. Vinavyokufa ni vile vinavyoilisha: vioo vyenye dawa, mikanda ya filamu, dawa za kusafishia na karatasi za kuchapia. Arusha, mji ulioketi kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari chini ya Mlima Meru, haukuwa na kiwanda cha hata kimoja kati ya hivyo. Vilifika juu ya kichwa cha mpagazi, kisha kwa treni, kisha kwa gari kupitia mpaka wa Kenya pale Namanga, na siku hizi hufika ndani ya begi la msafiri. Kila njia ilipoziba, wenye kamera walianza kujaribu walichokuwa nacho mkononi. Ndiyo maana historia ya kamera za zamani katika eneo hili husomeka vizuri zaidi mtu akifuata njia ya mkanda kuliko akifuata majina ya kamera.

Pwani kwanza, bara baadaye (1839–1890)

Upigaji picha ulitangazwa Paris mwaka 1839, na haikupita hata miaka kumi kabla haujafika Afrika Mashariki. Kati ya 1846 na 1848 nahodha Mfaransa Charles Guillain alipita pwani hii akiwa na vifaa vya dagerotipu, yaani picha inayotokea juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Michoro kadhaa iliyochapwa baadaye katika kitabu chake ilinakiliwa kutoka kwenye mabamba hayo. Kabla karne haijaisha, Wagoa kama A. C. Gomes na J. B. Coutinho walikuwa na studio Unguja, wakiwapiga picha masultani na matajiri na kuwauzia abiria wa meli kadi za posta.

Bara ilisubiri, na kilichoichelewesha ni dawa. Njia iliyotawala tangu 1851 ilikuwa ya kioo kibichi: kioo kilipakwa kolodioni, kikachovywa kwenye maji ya fedha, kikatiwa ndani ya kamera kikiwa bado kinanata, kikapigwa picha na kusafishwa kabla hakijakauka. Shughuli yote ilitaka dakika chache tu, hema lisilopitisha mwanga, chupa za dawa kali na maji safi. Msafara uliokuwa ukihesabu siku kutoka kisima hadi kisima haukuwa na nafasi ya mambo hayo.

Mwaka 1871 daktari Mwingereza Richard Maddox alieleza namna ya kupaka kioo jelatini yenye chumvi za fedha, na kabla muongo huo haujaisha vioo vikavu vilikuwa vikiuzwa vikiwa tayari ndani ya maboksi. Kioo kikavu kiliweza kununuliwa Ulaya, kupigiwa picha nyikani na kusafishwa miezi kadhaa baadaye. Badiliko hilo dogo la maabara ndilo lililofungua milima ya kaskazini kwa kamera. Mjerumani Hans Meyer, aliyefika Kibo, kilele cha Kilimanjaro, Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alichapisha mwaka uliofuata kitabu chenye picha alizopiga mwenyewe. Vioo vyake, kama vya wasafiri wengine wa wakati huo, vilibebwa na wapagazi, ambao mzigo wao wa kawaida ulikuwa kama kilo 30. Mpagazi mmoja akiteleza mtoni, kazi ya wiki nzima iligeuka vigae. Majina ya waliobeba vioo hivyo hayaonekani chini ya picha, ingawa bila shingo zao picha zenyewe zisingekuwapo.

Boma, misheni na baruti ya mwanga (1896–1914)

Chini ya Meru, kamera na utawala wa Kijerumani viliingia karibu pamoja. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Misheni ya Kilutheri ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Umeruni. Kapteni Kurt Johannes, aliyekuwa na kikosi chake Moshi, alijibu kwa mashambulizi yaliyoteketeza mashamba na kuchukua ng'ombe wa Wameru na Waarusha. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli wa Old Moshi na viongozi wengine wa eneo hilo walinyongwa hadharani. Mwaka huohuo boma la Arusha lilisimama. Majengo yake sasa ni Makumbusho ya Historia ya Asili. Misheni ya Leipzig ilirudi, ikafungua kituo Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904.

Wamisionari walikuwa wapiga picha wa kujifunza wenyewe. Waliwapiga waumini, majengo mapya, migomba na mlima, wakazituma picha Ujerumani ziwashawishi wafadhili. Sehemu kubwa ya akiba hiyo imehifadhiwa na sasa inatazamwa kwa kompyuta kupitia hifadhi ya kimataifa ya picha za misheni iliyoko Chuo Kikuu cha Kusini mwa California. Anayezitazama kwa makini huona jambo la ajabu: mbingu ni nyeupe tupu. Mawingu ya Meru, ambayo mtu wa Arusha huyaona kila siku kufikia adhuhuri, hayapo.

Kosa si la hali ya hewa. Vioo vingi vya wakati huo viliona bluu kupita kiasi na havikuona nyekundu kabisa. Mbingu ya bluu iliunguza kioo hadi mawingu yakamezwa na weupe wake, huku udongo mwekundu wa mteremko na mavazi yaliyopakwa ngeu yakitoka meusi kama mkaa. Uso wa mtu mweusi ulipoteza mikunjo yake na kuwa kivuli, na wasomaji wa Ulaya, wasiojua lolote kuhusu dawa ya kioo, waliamini kwamba ndivyo Afrika ilivyo. Vioo vinavyoona rangi zote vilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1906, lakini vilikuwa ghali na vilitaka giza kamili wakati wa kusafishwa, kwa hiyo mpiga picha wa misheni alibaki na vioo vya zamani na taa yake nyekundu kwa miaka mingi.

Hewa nayo ilikuwa na madai yake. Kamera za Ulaya ziliundwa kwa mbao zilizogundishwa kwa gundi na kuvikwa ngozi. Pwani gundi ililainika, ngozi ikaota ukungu, wadudu wakamaliza kilichobaki. Viwanda vikaanza kutengeneza kamera za nchi za joto: msaji uliosuguliwa bila ngozi, kona zimeshikwa kwa shaba na skrubu. Leo kamera hizo hugombewa na wakusanyaji kwa uzuri wake, na wachache hukumbuka kwamba uzuri huo ulianza kama kinga ya mchwa. Katika kusafisha, nyanda za juu zilikuwa na nafuu kubwa kuliko pwani. Dawa za picha nyeusi na nyeupe hupimwa kwa maji ya nyuzi 20 za sentigredi. Maji ya Dar es Salaam hupita hapo kwa mbali, na jelatini iliyolowa maji ya moto huvimba na kubanduka kwenye kioo. Vijito vya Meru vilikuwa baridi vya kutosha, tena bure.

Jaribio kubwa kuliko yote ya kipindi hiki lilifanyika usiku. Carl Georg Schillings, mwindaji Mjerumani, alifanya safari kadhaa katika nyika ya Wamaasai na bonde la mto Pangani, mashariki na kusini mwa Meru, akijaribu kupiga picha za wanyama gizani. Alifunga punda au ng'ombe kama chambo, akatega kamera juu ya miguu mitatu na kando yake chombo chenye unga wa magnesi uliochanganywa na kemikali ya kuuwasha. Mnyama alipogusa uzi, unga uliripuka kwa mwanga mkali na shata ya kamera ikafunguka papo hapo. Chombo hicho alikisanifu pamoja na kampuni ya Goerz ya Berlin baada ya vifaa vya kwanza kumshinda. Unga ule ulikuwa wa hatari, ukinyonya unyevu haukuwaka na ukikauka mno uliweza kumlipukia aliyeushika. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1905, ambacho jina lake linataja mwanga wa kamera kabla ya bunduki, kilisomwa Ulaya nzima. Simba waliokamatwa na mwanga huo wakiinamia mzoga ni miongoni mwa picha za kwanza za namna yake duniani. Schillings aliua wanyama wengi pia, na alikuwa miongoni mwa waliolalamika kwamba wanyama wanaisha.

Reli, Kodak na kitoweo cha simba (1914–1945)

Vita vya Kwanza vilikata njia ya vioo. Walther Dobbertin, aliyekuwa na biashara ya picha Dar es Salaam, alifuatana na jeshi la Wajerumani na kuacha mamia ya picha ambazo sasa ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani. Machi 1916 Waingereza waliingia Arusha, na baada ya vita Tanganyika ikawa mikononi mwao.

Wakati huo kamera ilikuwa imebadilika sura. George Eastman wa Rochester, Marekani, alitoa kamera ya Kodak mwaka 1888 ikiwa na mkanda wa kuviringisha ndani yake. Mteja alipiga picha, akairudisha kamera nzima kiwandani, akapokea picha zake. Mwaka 1900 alitoa Brownie, boksi la karatasi ngumu lililouzwa dola moja. Hapo ndipo upigaji picha ulipoacha kuwa kazi ya fundi na kuwa starehe ya mtu yeyote mwenye mshahara. Eastman mwenyewe alikuja Kenya kuwinda mwaka 1926, akakutana na Martin na Osa Johnson, wenzi Wamarekani waliokuwa wakirekodi filamu za wanyama na aliowasaidia kwa fedha.

Reli kutoka Tanga ilikuwa imefika Moshi kabla ya vita. Arusha iliisubiri hadi 1929. Treni ilileta walowezi, kahawa ikatoka, mikanda ikaingia. New Arusha Hotel, karibu na mnara wa saa wa leo, ilikuwa kituo cha kuanzia safari za Serengeti, na Ray Ulyate aliyeiendesha alijijengea jina kwa kuwapeleka wageni waliotaka picha badala ya ngozi. Mbinu ya kuzipata picha hizo haikuwa ya kujivunia sana. Mzoga wa pundamilia ulifungwa nyuma ya lori na kuburutwa mbele ya simba, nao simba wakazoea kufuata magari kama kuku wanavyomfuata mwenye mtama. Lenzi za wakati ule hazikuvuta vya kumleta mnyama karibu, hivyo mnyama alivutwa kwa nyama.

Kipindi hiki ndicho kilichoacha kamera ambazo bado hupatikana katika nyumba za zamani: Brownie za boksi, kamera za kukunja zenye mifuko ya ngozi mithili ya kinanda, na chache za Leica, kamera ndogo ya Kijerumani iliyoanza kuuzwa mwaka 1925. Kwa mpenzi wa leo, kinachoamua kama kamera hizo zitafanya kazi ni upana wa mkanda wake. Mkanda namba 120 ulitolewa mwaka 1901 na bado unatengenezwa, kwa hiyo Brownie yenye umri wa zaidi ya karne moja inaweza kulishwa kesho asubuhi. Mkanda 127 Kodak waliuacha mwaka 1995. Namba 620, iliyoachwa mwaka huohuo, ni 120 ileile juu ya kijiti chembamba zaidi. Mwenye subira huingia gizani na kuuhamisha mkanda kutoka kijiti kimoja hadi kingine kwa kupapasa, na mwanzoni hukosea mara mbili au tatu.

Vita vya Pili viliwakuta Wajerumani wa Meru na Kilimanjaro wakikamatwa na mali zao kushikwa na serikali. Kuanzia 1942 maelfu ya wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto waliopitia Siberia na Uajemi, waliwekwa katika kambi ya Tengeru, karibu na ziwa Duluti. Picha za kambi hiyo zimebaki nyingi katika familia zilizotawanyika Uingereza, Kanada na kwingineko: vibanda vya duara vyenye kuta nyeupe na paa la nyasi, watoto wa skauti wamejipanga, na nyuma yao Meru. Zilipigwa kwa kamera ndogo, na kwa watoto waliokulia pale mara nyingi ndizo kumbukumbu pekee za nyumbani.

Pazia la studio (1945–1967)

Baada ya vita picha ziliingia ndani ya nyumba za watu wa kawaida, na mlango wake ulikuwa studio. Katika miji ya Afrika Mashariki studio nyingi zilikuwa za Wahindi. Capital Art Studio ya Unguja, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ndiyo inayojulikana zaidi, na Lamu alikuwapo Omar Said Bakor, aliyejifundisha mwenyewe na kuchezea picha zake kwa kuunganisha negativu. Arusha nayo ilipata studio zake mjini. Kazi ilikuwa ileile kila mahali: pazia lililochorwa, kiti cha mgongo mrefu, taa mbili, mteja ameshika redio au maua ya plastiki, na nyuma chumba cha giza chenye beseni tatu. Kiswahili cha Tanzania kiliita kazi ya beseni hizo kusafisha picha, kana kwamba picha ilikuwamo muda wote na ilihitaji tu kuoshwa ionekane. Si maelezo mabaya ya kilichotokea.

Wanafunzi wengi wa upigaji picha walianza na vilivyotupwa na wengine. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, alianza utotoni na Brownie ya mtumba. Mwaka 1963 alianzisha Camerapix Dar es Salaam, iliyokuja kuwa kati ya mashirika ya picha yanayojulikana zaidi Afrika. Njia hiyo ya kupata kamera, kurithi ya mwingine iliyochoka, haijabadilika.

Miteremko ya Meru yenyewe ikawa jukwaa. Mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961 mwongozaji Howard Hawks alirekodi Momela na maeneo ya jirani filamu ya Hatari!, iliyotoka 1962. John Wayne aliigiza mkamata wanyama, na Elsa Martinelli aliigiza mpiga picha wa kike aliyetumwa na bustani ya wanyama ya Basel. Watazamaji wengi humkumbuka kwa vitoto vya tembo vilivyomfuata kila mahali. Mwigizaji mwenzao Hardy Krüger alipapenda Momela akanunua shamba pale. Mwaka 1960 hifadhi ya kreta ya Ngurdoto ilikuwa imeanzishwa, na mwaka 1967, ilipoongezwa kreta ya Meru, ikawa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Watalii waliongezeka na kila mmoja alining'iniza kamera shingoni.

Wengi wao walitumia Kodachrome, mkanda wa rangi uliotolewa mwaka 1935. Rangi zake zilidumu, lakini usafishaji wake ulikuwa mgumu kiasi kwamba ni maabara maalumu chache duniani zilizouweza. Mkanda uliopigwa Ngurdoto ulisafiri kwa posta hadi ng'ambo, na mpiga picha aliona matokeo akiwa ameshasahau alisimama wapi. Picha za rangi kwa ujumla zilipimwa maabarani kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, na hadi miaka ya 1970 sura nyeusi na nyeupe zikikaa pamoja kwenye fremu moja, nyeusi ndiyo iliyopotea. Ni ugonjwa uleule wa vioo vya misheni, umevaa rangi.

Miaka ya uhaba (1967–1985)

Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, biashara ya kuagiza bidhaa kutoka nje iliwekwa chini ya shirika la umma. Mkanda wa picha haukuwa chakula wala dawa, na fedha za kigeni zilipopungua uliwekwa mwisho wa foleni. Kwa miaka kadhaa Nairobi iliziba pengo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake Arusha, barabara ya Namanga ilikuwa wazi, na aliyehitaji boksi la karatasi au chupa ya dawa alimwagiza dereva.

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika na Tanzania ikafunga mpaka. Ulikaa umefungwa hadi 1983. Katikati yake vikaja vita vya Kagera na bei ya mafuta, na mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi ukafanya hata bidhaa halali ifichwe chini ya kaunta. Hakuna kipindi kilichowafundisha wapiga picha ubahili kama hiki. Mkanda wa picha 36 ulikaa kamerani hadi picha ya mwisho ipigwe, hivyo mteja wa kwanza alisubiri hadi wa mwisho apatikane. Mkanda uliopitwa na muda ulitumika kwa kuuongezea mwanga. Desturi ya mafundi ni kufungua lenzi hatua moja zaidi kwa kila miaka kumi iliyopita. Dawa ilirudiwa hadi ikawa rangi ya chai ya rangi. Picha ndogo za vitambulisho zilibanwa kadiri karatasi ilivyoruhusu.

Kamera za kipindi hicho zinatambulika kwa uzito. Zenit ya Urusi ya Kisovieti, iliyotengenezwa kwa mamilioni, na Praktica ya Ujerumani Mashariki ziliuzwa kwa bei ya chini katika nchi zilizoelewana na kambi ya kisoshalisti. Kutoka Shanghai ilikuja Seagull yenye lenzi mbili, iliyoiga Rolleiflex ya Wajerumani. Zenit ina sauti yake, mlio mzito wa kitasa cha mlango. Haina ustaarabu, lakini ndani yake hakuna kitu ambacho fundi saa mwenye bisibisi ndogo hawezi kukifikia.

Mashine za saa moja (1986–2005)

Uchumi ulipolegezwa katikati ya miaka ya 1980 mikanda ilirudi madukani, safari hii kwa wingi na kwa rangi. Zikaja mashine zilizosafisha na kuchapa mkanda mzima kwa muda wa saa moja, zikiwa chini ya vibao vya njano vya Kodak na vya kijani vya Fuji. Mpiga picha wa mtaani mwenye Yashica au Pentax K1000 alizunguka harusini, kwenye kipaimara na mahafali, akarudi kesho yake na bahasha ya picha, akadai fedha yake. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilipowekwa Arusha mwaka 1995, na wakati wa mazungumzo ya Burundi yaliyozaa mkataba wa Agosti 2000, waandishi wa dunia walijaa mjini na mikanda ilipatikana kuliko wakati wowote.

Neema hiyo iliua kitu kimoja kimyakimya. Mashine ilisafisha mikanda ya rangi peke yake, kwa hiyo vyumba vya giza vikageuzwa stoo, beseni zikawa za kufulia nguo, na kizazi cha mafundi wa nyeusi na nyeupe kikastaafu bila wanafunzi. Kamera za dijitali zilipoingia na baadaye simu, mashine nazo zikaondolewa. Fundi wa zamani angeweza kurudi kwenye beseni, lakini waliokuwa na ujuzi wa mashine tu hawakuwa na pa kurudi. Kodak iliacha Kodachrome mwaka 2009 na kuomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai Januari 2012.

Kahawa na magadi (tangu 2005)

Duniani mkanda haukufa kama ilivyotabiriwa. Ilford ya Uingereza na Foma ya Ucheki ziliendelea kutengeneza mikanda ya nyeusi na nyeupe, Kodak ilirudisha mkanda wa Ektachrome mwaka 2018, na mwaka 2024 Pentax ilitoa kamera mpya kabisa ya mkanda. Wimbi hilo hufika Arusha kwa watu wachache: vijana wanaopata kamera ya babu kabatini, waongoza watalii wanaoachiwa kamera na wageni, na wanaonunua mtumba.

Kamera inayotoka kabatini huanza kwa kukaguliwa. Sifongo nyeusi inayozuia mwanga kuzunguka mlango wa nyuma, iliyowekwa na viwanda vya Japani miaka ya 1970, huwa imeoza na kuwa lami. Hukwanguliwa kwa kijiti chenye spiriti na kubadilishwa kwa uzi mweusi wa sufu. Lenzi huangaliwa dhidi ya taa. Nyuzi kama za buibui ndani ya kioo ni ukungu, ambao hustawi msimu wa masika. Tiba yake ni kuifungua na kuipangusa, kinga ni chombo kikavu. Kipimo cha mwanga mara nyingi hudanganya, kwa sababu kilisanifiwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo imepigwa marufuku. Betri ya vifaa vya kusikia hukaribia volti hiyo. Asiye na betri hutumia kanuni ya zamani: jua kali, tundu namba 16, kasi sawa na namba ya wepesi wa mkanda (ISO). Mkanda wa ISO 100 hupigwa kwa kasi ya 1/125, iliyo karibu. Chini ya migomba na mikahawa ya Umeruni kanuni hiyo haifai. Tundu hufunguliwa hatua tatu au nne zaidi.

Ugumu ni dawa, na hapa eneo lenyewe lina jibu. Mwaka 1995 Scott Williams na wanafunzi wake wa Taasisi ya Teknolojia ya Rochester, mji uleule wa Eastman, walionyesha kwamba kahawa ikiongezewa magadi ya kufulia husafisha mkanda. Waliofuata waliongeza vitamini C. Kipimo kinachotumika sana kwa lita moja ya maji ni gramu 54 za magadi safi, gramu 16 za vitamini C na gramu 40 za kahawa ya unga inayoyeyuka, kwa dakika 15 katika nyuzi 20. Kahawa ya Meru ni arabika, nzuri kwa kunywa. Kwa mkanda inafaa zaidi robusta ya bei ya chini, yenye asidi nyingi zaidi za kusafishia, kwa hiyo kopo la kahawa ya unga ya Africafe kutoka Bukoba hushinda buni bora ya mteremko mzima.

Magadi nayo yako jirani, kwenye ziwa Natron na ziwa Magadi upande wa Kenya. Mabonge yanayouzwa sokoni kwa kulainishia maharage ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu pamoja na chumvi na uchafu. Bikaboneti hufifisha dawa. Mabonge yakipondwa na kukaangwa kwenye sufuria kavu, hugeuka kaboneti na kutoa mvuke. Nguvu yake hutofautiana kutoka bonge hadi bonge, hivyo kabla ya kuhatarisha mkanda mzima kipande chake hukatwa na kuchovywa mwangani: kikiwa cheusi ndani ya dakika chache, dawa iko hai. Mchanganyiko uliokamilika una rangi ya matope na harufu mbaya isiyosahaulika. Hakuna mtu wa nyumba hiyo atakayekunywa kahawa jioni ile.

Bado dawa ya kukaza, inayoondoa fedha isiyopigwa na mwanga ili picha isigeuke nyeusi, haina mbadala mzuri jikoni. Chumvi ya mezani iliyokolezwa hadi isiyeyuke tena huifanya kazi hiyo, ila huchukua siku nzima au zaidi. Thiosalfeti ya dukani huchukua dakika tano na hutoka nje. Kisha mkanda husuuzwa kwa maji ya bomba, ambayo asubuhi ya Juni huwa baridi kuliko dawa inavyotaka na hulazimu kuongezwa ya birika, ukaning'inizwa bafuni kwa vibanio vya nguo mbali na vumbi la barabara. Negativu ikikauka hupigwa picha kwa simu juu ya kioo chenye mwanga mweupe, rangi zikageuzwa. Mkanda unaofuata huja na mgeni anayeshukia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), aliyeombwa mapema auweke kwenye begi la mkononi na kumwomba mkaguzi aupekue kwa mkono, kwa kuwa mashine mpya za kukagua mizigo huuunguza kabla haujaona Meru.